Pikapu Kuukuu Iliyoimarishwa: Je, Ni Ile Ile?

Kuimarisha pikapu kuukuu ili ihimili njia mbovu ni kazi ya gereji, lakini ndani yake limo swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu mbili: kitu kikibadilishwa sehemu baada ya sehemu, kinabaki kuwa kile kile mpaka wapi? Kwa kawaida swali hili huulizwa juu ya kitu kinachokarabatiwa, yaani kinachorudishiwa hali yake ya awali. Uimarishaji unalisogeza mbele zaidi. Nafasi ya kila sehemu inayotolewa huchukuliwa na nyingine isiyofanana nayo, iliyo nene zaidi, ndefu zaidi au ngumu zaidi. Maada ya gari hubadilika, umbo nalo hubadilika, na mara nyingine hata kazi ya gari huwa nyingine. Hata hivyo mwenye gari huendelea kusema kwamba pikapu yake imekuwa imara. Hasemi kwamba amepata nyingine.

Kinachofanyika gereji

Mfano unaofaa ni pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984. Toleo la HZJ75 la miaka ya 1990 lilikuwa na injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, springi za majani mbele na nyuma, na tairi nyembamba za 7.50R16. Kabini na sehemu ya mizigo hukaa juu ya chesisi ya mfano wa ngazi: reli mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama. Chesisi ya namna hii imeundwa ijipinde kidogo. Gari likipita kwenye korongo, gurudumu moja likiwa juu na jingine chini, reli hujisokota kiasi na kurudi.

Kwa kawaida kazi huanza na springi. Jani moja au mawili huongezwa, yubolti ndefu hufungwa, na shokapu hubadilishwa ziendane na kimo kipya. Springi ngumu hubeba mzigo mkubwa zaidi, lakini kishindo kilichokuwa kikimezwa na springi laini sasa hupanda moja kwa moja hadi kwenye vishikio vyake na kwenye reli ya chesisi. Hufuata tairi. Tairi za inchi 32 zikitolewa na kuwekwa za inchi 35, mzingo huongezeka kwa takriban asilimia 9. Spidomita inayosoma kilomita 100 kwa saa huwa inaficha mwendo wa 109 hivi, na injini huvuta kana kwamba kila gia imekuwa nzito. Dawa yake ni kubadili meno ya difu, kwa mfano kutoka uwiano wa 4.11 hadi 4.56. Tairi kubwa likikwama mwambani wakati usukani umekatwa hadi mwisho, nguvu yote huishia kwenye jointi ya ekseli ya mbele, na mara nyingi hiyo ndiyo huvunjika. Ikiwekwa jointi ngumu zaidi, zamu huwa ya difu. Turbo ikiongezwa kwenye injini ambayo haikuundwa nayo, joto la moshi hupanda na silinda hedi huwa hatarini kupasuka. Klachi na giaboksi nazo hubeba nguvu zisizozizoea. Ndiyo maana fundi makini haulizi tu ni sehemu gani iwe imara. Huuliza pia ni ipi itakayovunjika kwanza baada ya hapo, na kama ni rahisi kuibadilisha porini.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi kwenye chesisi yenyewe. Reli iliyochoka huimarishwa kwa bati nene la chuma linalochomelewa ubavuni. Fundi asiye na uzoefu hukata bati hilo kwa mkato wa wima na kulichomelea kuzunguka pande zote. Gari likitumika, ufa hutokea, lakini si chini ya bati. Hutokea pale bati linapoishia, kwa sababu hapo reli iliyokakamaa inakutana ghafla na reli inayojipinda, na msokoto wote hukusanyika kwenye mstari mmoja. Fundi mzoefu hukata ncha za bati kwa mshazari au kwa umbo la mdomo wa samaki ili ugumu upungue hatua kwa hatua, na huepuka kuchomelea kwa kukatisha kingo za juu na chini za reli. Bati jipya lina nguvu kuliko reli, lakini reli ndiyo inayoamua bati likatwe vipi.

Maada, umbo na lengo

Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeishi karne ya 1 na ya 2 BK, anasimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya makasia thelathini aliyorudi nayo shujaa Theseus kutoka Krete. Ubao uliooza waling'oa, wakaweka mwingine mahali pake, wakaendelea hivyo hadi zama za Demetrius wa Phalerum, mwishoni mwa karne ya 4 KK. Wanafalsafa wakagawanyika: wengine walisema merikebu ni ile ile, wengine walikana.

Wanaokana huegemea maada. Kwao kitu ni vile vilivyokiunda, na vikiondoka kimeondoka. Msimamo huu una faida ya kueleweka upesi, lakini ukishikiliwa sawasawa haubakizi gari hata moja. Beringi husagika, tairi huisha, breki huacha vumbi lake barabarani; gari lolote hufika mwisho wa safari likiwa na maada pungufu kuliko lilivyoondoka. Kama upotevu wa chembe chache hauui utambulisho, lazima msimamo huu useme ni chembe ngapi zinazouua, na hauna namba ya kutoa.

Jibu la pili ni umbo. Aristotle alifundisha kwamba kukieleza kitu hakuishii kwenye maada yake. Kuna umbo linaloipanga maada hiyo, kuna kilichokisababisha kuwapo, na kuna lengo lake. Merikebu ya Theseus inaokolewa na umbo, kwa kuwa kila ubao mpya uliiga ule wa zamani. Pikapu iliyoimarishwa haipati wokovu huo. Imenyanyuliwa, imepanuliwa, na uwiano wa gia zake umebadilika. Huko Arusha mabadiliko hufika mbali zaidi: Land Cruiser ya pikapu hukatwa chesisi, ikaongezwa kipande ili irefuke, mfumo wa propela ukarekebishwa kulingana na urefu mpya, na sehemu ya mizigo ikapisha bodi yenye safu za viti na paa linalofunguka. Gari lililoundwa kubeba mizigo huingia Serengeti likiwa limebeba watalii. Umbo la mwanzo halipo.

Jibu la tatu ni lengo, nalo linakwama hapo hapo. Lengo likielezwa kwa ufinyu, yaani kubeba saruji na mahindi, basi gari la watalii ni gari jingine. Likielezwa kwa upana, yaani kusafirisha watu na vitu pasipo na lami, utambulisho unaokoka, lakini unaokoka kwa bei ya kupoteza maana: Land Cruiser mbili zilizoegeshwa pamoja zina lengo moja, na bado ni mbili.

Jibu la nne linatoka India ya kale. Katika kitabu cha Kibudha kiitwacho Milindapanha, mtawa Nagasena anajadiliana na mfalme Milinda, yaani Menander, mtawala Mgiriki wa karne ya 2 KK. Mfalme amekuja kwa gari la kukokotwa, na mtawa anamuuliza gari hilo ni lipi. Ni ekseli? Ni magurudumu? Ni fremu? Mfalme anakana kila moja, kisha anakubali kwamba neno gari ni jina linalotumika vitu hivyo vinapokutana kwa mpangilio fulani. Nagasena anamwonyesha kwamba hata yeye mtawa ni vivyo hivyo: chini ya jina hakuna kiini kilichojificha.

Jibu hili lina nguvu, kwani kweli hakuna bolti inayoweza kufunguliwa ukakuta u-pikapu ndani yake. Lakini halitoshi. Kama utambulisho ungekuwa suala la jina peke yake, watu wangeweza kukubaliana lolote. Chuma hakikubaliani na lolote: kishikio cha springi ama kinaingia kwenye matundu ya chesisi ama hakiingii. Kuna jambo katika gari lenyewe linalompinga fundi, na jambo hilo linastahili kupewa nafasi katika jibu.

Magari mawili yanayodai jina moja

Thomas Hobbes, katika De Corpore ya mwaka 1655, aliongeza ugumu. Mtu angeziokota mbao zote zilizong'olewa, akaziunga tena kwa mpangilio ule ule, zingekuwapo merikebu mbili, kila moja ikidai kuwa ya Theseus. Gereji za Afrika Mashariki hukaribia hali hiyo kila siku. Springi, difu na injini zinazotolewa hazitupwi. Huuzwa na kufungwa kwenye magari mengine. Ikitokea sehemu zote za pikapu moja zikanunuliwa na mtu mmoja na kuunganishwa upya, dai lake si la kupuuzwa. Injini iliyofumuliwa yote kwa ovahoo, kisha ikafungwa tena, hakuna anayesema ni injini nyingine. Kwa hiyo kutawanyika kwa sehemu peke yake si kifo cha kitu.

Sheria haiwezi kusubiri wanafalsafa waafikiane. Ushuru ni mmoja, bima ni moja, na ajali ikitokea lazima apatikane wa kuwajibika. Kwa hiyo sheria huchagua shahidi: namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye chuma na kuandikwa kwenye kadi ya gari. Uamuzi huu unafanana na alichosema John Locke juu ya binadamu. Katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake kuhusu ufahamu, Locke alieleza kwamba mtu, kwa maana ya nafsi inayowajibika, ni dhana ya kimahakama: inahusu nani asifiwe na nani aadhibiwe.

Hata hivyo namba si gari. Mwizi akikata kipande cha reli chenye namba halali na kukichomelea kwenye gari la wizi, watu wote, sheria ikiwamo, huita tendo hilo udanganyifu. Kama namba ingekuwa ndiyo utambulisho, kuihamisha kungelihamisha gari lenyewe na udanganyifu usingekuwapo. Shahidi anaweza kughushiwa kwa sababu anashuhudia jambo lililo nje yake.

Uhai na ufufuo

Locke alikuwa na jibu jingine kwa viumbe hai. Mwaloni uliochipuka mdogo na kuwa mti mkubwa ni mwaloni ule ule, ingawa maada yake imekuja na kupita, kwa sababu unashiriki uhai mmoja usiokatika. Mti hujitengeneza wenyewe. Pikapu haina uwezo huo. Yanayofanywa na uhai ndani ya mti, kwake hufanywa na fundi kutoka nje.

Dini zimelikabili swali hili mahali palipo pazito zaidi, kwenye ufufuo wa miili. Imam Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa ya mwaka 1095, aliwajibu wanafalsafa waliokana ufufuo huo. Walihoji: mwili uliooza na kuwa udongo, au ulioliwa na mwingine, utarudije ukiwa ule ule? Katika suala la 20, Ghazali alijenga hoja kwamba mtu ni mtu kwa nafsi yake. Mwili wa mtoto hubadilika kwa chakula, kwa kunenepa na kukonda hadi uzeeni, na mtu anabaki yeye; kwa hiyo nafsi ikirudishiwa mwili, uwe wa maada ile ile au nyingine, aliyefufuliwa ni yeye.

Augustino wa Hippo, karne ya 5, alishika zaidi upande wa maada. Katika Enchiridion alitoa mfano wa sanamu ya madini iliyoyeyushwa na kusubuliwa upya kwa madini yale yale: haijalishi chembe ipi imerudi kwenye kiungo kipi, mradi lile fungu zima limerudi. Katika Mji wa Mungu alifika kwenye jambo linaloigusa pikapu moja kwa moja. Mwili utakaofufuka, alifundisha, hautarudi na kasoro zake. Muumba ataondoa ulemavu bila kupunguza asili ya mwili. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, alitumia mfano wa mbegu inayopandwa ikiwa na hali moja na kuota ikiwa na nyingine iliyo bora.

Imani zote mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo, basi, hazisemi juu ya ukarabati peke yake. Zinazungumzia mwili ulioboreshwa, na zinalazimika kuhifadhi mwenye mwili huo, kwa kuwa thawabu na adhabu zikimwangukia asiyetenda, haki imepotea. Huu ndio mchango mkubwa wa mjadala wa ufufuo kwa swali la vitu vya kawaida: kuboresha hakuna maana bila kinachobaki. Mtu akisema kitu kimekuwa bora, ameshadai kwamba kilikuwapo kabla na kipo sasa. Dai hilo likianguka, kilichofanyika si uboreshaji tena, kitu kimoja kimetolewa na kingine kimewekwa.

Vipimo vinavyorithiwa

Pikapu haina nafsi ya kuishikilia kama Ghazali alivyomshikilia binadamu, wala uhai kama mwaloni wa Locke. Kinachoishikilia hupatikana katika kazi ya fundi. Jani jipya la springi hukatwa kwa kufuata upana wa vishikio vilivyopo. Bati la chesisi huchongwa kwa kufuata namna reli inavyojipinda. Meno mapya ya difu huchaguliwa kwa kufuata injini iliyobaki na tairi lililokwisha kuwekwa. Kila sehemu mpya, hata iwe na nguvu mara mbili ya iliyotangulia, hupokea masharti kutoka kwa sehemu zilizobaki. Sehemu hiyo ikishakaa, nayo huzipa masharti zinazofuata. Kwa njia hii vipimo vya gari la kwanza hurithiwa hata baada ya chuma chake kuisha: umbali kati ya matundu, upana wa reli, mahali pa kukalia injini.

Gari basi ni lile lile kwa kadiri ambavyo vya zamani viliendelea kuviamuru vipya. Kigezo hiki kinaeleza kwa nini mabadiliko ya polepole hutofautiana na ya mkupuo. Sehemu zote zikiletwa mpya siku moja, hakuna ya zamani iliyobaki kutoa sharti, na pikapu imeacha namba tu. Kinaeleza pia gari la Arusha: urefu wake wa awali umekatwa na kufa, lakini kipande kilichoongezwa kilipaswa kunyooka na reli za mbele na za nyuma, na kabini bado imekaa mahali pake pa kwanza. Utambulisho umepungua bila kukatika. Hata chesisi ikibadilishwa nzima, gari huweza kuendelea ikiwa mpya ililazimika kupokea ekseli, injini na kabini zilizokuwapo.

Mbele ya swali la Hobbes kigezo hiki hakiupi upande mmoja ushindi wote. Pikapu iliyobadilishwa hatua kwa hatua ina mnyororo wa urithi usiokatika. Ile iliyoungwa kwa sehemu kuukuu ina maada, na sehemu zake nazo huitikiana vipimo kwa kuwa ziliwahi kukaa pamoja. Kila moja ni mrithi wa kweli kwa namna yake. Kinachohitaji mmoja tu ni deni, umiliki na lawama, na hapo mahakama ina haki ya kuchagua mrithi aliyekuwa kazini muda wote.

Wajibu wa anayeuza

Swali hili huacha kuwa la nadharia pikapu inapouzwa. Katika sheria ya Kiislamu, mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo bila yeye kuijua ana haki ya kukirudisha, haki iitwayo khiyar al-ayb. Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, karne ya 13, alitenga kasoro za aina tatu: ya asili ya kitu, ya kiasi na ya ubora. Akaongeza kwamba kasoro iliyo wazi, kama ya farasi mwenye jicho moja, si lazima itangazwe, lakini iliyofichika yenye kuleta hatari au hasara lazima isemwe.

Pikapu iliyoimarishwa imejaa mambo yaliyofichika. Tairi za inchi 35 kila mtu anaziona. Bati lililochomelewa chini ya rangi, spidomita inayosoma pungufu, turbo isiyokuwa ya kiwandani na uzito ulioongezeka juu ya breki zile zile havionekani, na kila kimoja kimehamisha mahali pa kuvunjikia kutoka pale ambapo kitabu cha gari kinapataja. Anayeiuza kama gari la mwaka 1990 lisiloguswa amekosea kuhusu ubora, na kama chesisi imekatwa, amekaribia kukosea kuhusu asili. Mwanya huo huzibwa na orodha ya kilichotolewa, kilichowekwa na kilichokipokea, kwa mpangilio wa kufanyika kwake. Orodha hiyo humwonyesha mnunuzi pa kukagua kwanza, na ndiyo inayothibitisha kwamba mnyororo wa urithi haukukatika.